Hicho unachokiita pori ni sehemu ya shamba lako



Wiki iliyopita, usiku, nilitumiwa picha tatu kwenye WhatsApp na kijana mmoja mwenye shamba la ekari 12 huku kwetu, upande wa kuelekea Ihumwa. Ekari 10 amelima alizeti, na imekaa vizuri. Ekari 2 za pembeni, zinazoshuka kwenye korongo, ni vichaka: mtundulu, migunga midogo midogo, visiki vilivyochipua, na majani yanayofika kiunoni. Chini ya picha aliandika: "Bwana shamba, nimepata tingatinga la kukodi. Nikishavuna nataka nisafishe mpaka korongoni. Unanishauri nianze lini?"

Nilimjibu, "Usianze kabisa."

Akanipigia hapo hapo. Hakufurahi, na simlaumu. Anayeishi kwa kilimo anapoangalia ekari 2 za vichaka anaona gunia ambazo hazipo. Yeye alishapiga hesabu: gunia saba kwa kila ekari, mara mbili, gunia 14. Mimi namwambia aache. Kwa kweli hata ningekuwa mimi ningeuliza, huyu bwana shamba analipwa na nani?

Tulizungumza karibu saa nzima. Nimeona nayaandika hapa tuliyozungumza, kwa sababu najua si yeye peke yake. Mvua zimekata, majani bado mabichi, alizeti zinaanza kuinamisha vichwa, na huu ndio wakati ambao vijana wengi wanapanga wafanye nini na kile kipande cha pembeni. Wengine wameshaandaa kiberiti.

Kosa langu mwenyewe

Kabla sijamshauri mtu, niseme la kwangu. Nilipoanza kazi nilikuwa na msemo wangu: shamba safi ni shamba lisilo na kisiki. Niliusema kwenye mikutano, niliusema kwenye mashamba darasa. Nilikuwa na nguvu, nina stashahada yangu mkononi, na nilipenda kuona shamba limenyooka kama uwanja wa mpira.

Mwaka wangu wa pili nilimshauri mama mmoja, mkulima wa mtama na karanga, ang'oe visiki vyote vya upande wa korongo na alime mpaka ukingoni. Akanisikiliza. Akaweka vibarua, wakang'oa, wakachoma. Msimu wa kwanza alivuna vizuri kweli, hata mimi nilimpiga picha. Msimu wa pili ukingo ulianza kumeguka. Msimu wa tatu ilinyesha mvua moja kubwa ya Januari, na asubuhi yake alinipigia simu niende.

Nilipima kwa hatua. Korongo lilikuwa limeingia shambani hatua 11, urefu wa karibu upande wote wa shamba. Ile sehemu mpya aliyoongeza imeondoka, na sehemu ya zamani aliyokuwa akilima tangu enzi za mumewe nayo imeondoka. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, ulisema ning'oe." Nikanyamaza. Ningesema nini?

Kwa hiyo ninapokwambia usifyeke, sikuambii kwa kuwa nimesoma mahali. Nakwambia kwa sababu ushauri wa kufyeka nimeshautoa, na najua ulimgharimu nani.

Hesabu ya maji

Tuanze na maji, maana Dodoma bila kuzungumzia maji ni porojo. Mvua yetu ya mwaka ni kama milimita 500 hadi 600, na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili. Tatizo letu si uchache peke yake. Inakuja kwa ghadhabu, siku chache, matone makubwa, juu ya udongo uliokauka na kugandamana.

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Mvua ya milimita 30, ambayo hapa si ya ajabu, inamwaga zaidi ya lita 120,000 kwenye ekari moja. Sasa chukulia theluthi moja tu haikuingia ardhini, ikatembea juu. Hizo ni lita 40,000, yaani simtanki 40 za lita 1,000. Kwa ekari 12 ni simtanki 480, zote zinateremka kuelekea upande mmoja, ndani ya saa moja au mbili, zikiwa zimebeba udongo wa juu, samadi uliyomwaga na mbolea uliyonunua.

Kinachosimama kati ya simtanki hizo 480 na korongo ni nini? Ni kile kichaka unachokiita uchafu. Majani yanapunguza mwendo wa maji, mizizi inashika ukingo, na majani makavu yaliyodondoka yanafanya udongo uwe na matundu ya kunywa maji. Ukikitoa, maji yanapata barabara ya lami.

Tulishawahi kujifunza hili, kwa uchungu

Dodoma si wageni wa jambo hili. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Wazee wengi bado wanaukumbuka. Wakati huo Kondoa ilikuwa imechimbika makorongo mtu anaweza kutumbukiza nyumba. Walichimba makinga maji, walipanda miti na katani, lakini mifugo ilikuwa bado inazunguka na hali haikubadilika sana. Mwaka 1979 ikatolewa amri mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Mwaka 1986 amri kama hiyo ikafika tarafa ya Mvumi, huku kwetu karibu.

Kilichotokea Kondoa kinafaa kila mkulima akijue. Sehemu kubwa ya uoto uliorudi haikupandwa na mtu. Visiki vilikuwa ardhini, mizizi ilikuwa hai, mbegu zilikuwa zimelala. Vilipopumzishwa, vikainuka vyenyewe. Ukipita Kolo au Haubi leo na ukasimuliwa palivyokuwa, unaweza kubisha.

Lakini nisiwe mwongo wa kusifia tu. Amri ile iliwaumiza watu. Familia zililazimika kuhamisha ng'ombe au kuuza, na mtu aliyezoea maziwa ya zizi lake akabaki anaangalia kilima kinarudi kijani huku watoto wanakunywa uji mkavu. Ng'ombe wa maziwa wa kufugia ndani walikuja baadaye. Mimi sitamani turudi kwenye amri. Natamani tufanye mapema, kwa hiari, kwenye vipande vyetu wenyewe, ili tusije tukafikia hali ya kuamriwa.

Wenzetu wa Shinyanga walionyesha njia hiyo ya pili. Walikuwa na desturi ya ngitili: sehemu ya malisho inafungwa wakati wa mvua, inafunguliwa kiangazi kikiwa kikali. Mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizobaki zilikadiriwa hekta 600 tu. Baada ya kama miaka 15 zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Watu walikumbushwa kitu cha babu zao, wakaachiwa wakisimamie wenyewe, na kila kaya ikajua hiki ni chake.

Kisiki hai si kuacha pori liote ovyo

Hapa ndipo yule kijana alinibana. Alisema, "Sasa bwana shamba, nikiacha si litakuwa pori la nyoka?" Swali zuri. Kuacha ni kitu kimoja na kutunza ni kingine. Nisemacho mimi ni kutunza.

Mnaifahamu njia ya Kisiki Hai. Tangu mwaka 2018 LEAD Foundation pamoja na Justdiggit ya Uholanzi wamekuwa wakiifundisha mkoani kwetu, kijiji kwa kijiji, na wanahesabu miti iliyorejeshwa kwa mamilioni. Asili ya mbinu yenyewe ni Niger, ambako miaka ya 1980 Tony Rinaudo, Mwaustralia mmoja, alihangaika na miche iliyokufa kila mwaka, mpaka siku alipoinama kwenye kichaka kimoja akagundua ni mti uliokatwa unaojaribu kurudi. Chini ya mchanga kulikuwa na msitu mzima wa mizizi.

Hatua ni nne, na hazihitaji hela.

Ya kwanza, chagua. Pita kwenye kipande chako sasa hivi, wakati majani bado yapo, maana mwezi wa nane vichaka vingi vitakuwa vijiti na hutajua huu ni mkwaju au ni nini. Chagua visiki vyenye nguvu. Kwenye kila kisiki chagua machipukizi matatu hadi matano, yaliyonyooka na yaliyonenepa.

Ya pili, pogolea. Yaliyobaki yakate, kwa kisu au panga kali, karibu na shina. Yale uliyoyaacha yaondolee matawi ya chini, lakini usipite nusu ya urefu. Vijana wengi mnapogolea kama mnanyoa, mnaacha kishungi juu. Mti unakula kwa majani yake, usiuache na njaa.

Ya tatu, weka alama. Funga kitambaa cha rangi. Kitambaa kinasema kuna mwenyewe. Kibarua akija na panga anaona, mchunga mbuzi akipita anaona.

Ya nne, tunza. Hii ndiyo kazi, na hapa ndipo wengi wanashindwa. Machipukizi yanarudi kila msimu, unapita tena kuyapunguza. Kama una subira, miaka miwili mitatu kichaka cha kiunoni kinakupita kichwa, kwa sababu mizizi yake ni ya zamani, haianzi kutafuta maji kama mche wa kwenye kiriba.

Faida unayoweza kuiweka mfukoni

Najua nazungumza na watu wa biashara, kwa hiyo tusiishie kwenye udongo.

Kama unalima alizeti, unahitaji nyuki. Hata hizo mbegu chotara zinazojichavusha zenyewe hujaza vizuri zaidi nyuki wakitembelea. Sasa alizeti yako inachanua wiki mbili, tatu, imeisha. Miezi mingine yote nyuki wale wanakula wapi na wanakaa wapi? Wanakaa kwenye kile kipande. Migunga inachanua, vichaka vinachanua, hata majani ya ovyo yanachanua. Kufyeka kipande ni kufukuza vibarua wasiodai mshahara. Ukitundika mizinga mitano, kumi humo, asali nayo inaingia kwenye daftari lako.

Kuna majani. Usilishe ovyo: kata, funga, tunza. Oktoba na Novemba mfugaji anapotafuta majani kwa tochi, wewe unauza. Kuna kuni za kupogolea, ambazo nyumbani zinaokoa hela ya mkaa. Kuna mlenda wa pori unaoota mvua zikianza, na sihitaji kumweleza mtu wa Dodoma thamani ya mlenda. Kama una mkwaju au mbuyu, hapo sina la kuongeza. Soko la Job Ndugai liko hapa hapa Nzuguni, katembee ukaone ukwaju na ubuyu unavyopimwa kwa vikopo, halafu urudi uniambie kama ule mti ni uchafu.

Hoja zenu, na nyingine ni za kweli

Kwelea kwelea. Kila nikitaja miti kwa mkulima wa mtama na uwele, naulizwa hili. Ni kweli ndege hawa hupenda vichaka vya miiba kulala na kujenga viota. Lakini wanasafiri kilomita nyingi kwa siku kutafuta chakula, kwa hiyo kufyeka ekari zako 2 hakuwazuii kuja kula ekari zako 10. Kinachosaidia ni kupogolea, ili kichaka kiwe na miti iliyo wazi badala ya msongamano wa miiba, kutopanda mtama ukagusana na kipande hicho, na kukubaliana na majirani mpande kwa wakati mmoja ili hasara isimwangukie mmoja. Na ukiona wanaanza kujikusanya, toa taarifa mapema.

Mifugo ya watu. Hapa sina dawa ya kwenye karatasi. Baada ya mavuno ng'ombe wanaingia kula mabua, ndiyo desturi yetu. Nenda kazungumze na mfugaji sasa, kabla hajaingia. Mwambie mabua ale, kile kipande chenye vitambaa asiguse. Mpe na sababu, na ukiweza mpe mzigo wa majani wakati wa shida. Ugomvi wa Septemba unazuiwa Mei.

Ardhi kuonekana haina mtu. Hoja hii ndiyo inayoniumiza kichwa zaidi, hasa kwetu Nzuguni. Tangu serikali ihamie Dodoma mji umetufuata mlangoni: stendi kuu, soko, barabara, viwanja vinapimwa kila upande. Kijana anaogopa akiacha kipande kikaonekana pori, mtu atakuja na vigingi. Woga huo una msingi. Ndiyo maana nasema kipande kiwe na alama za umiliki kama shamba lingine. Zungushia minyaa, panda katani ukingoni mwa korongo, tundika mizinga, na hakikisha mipaka inajulikana kwa majirani na kwa mwenyekiti wa mtaa. Kipande chenye mizinga na miti iliyopogolewa hakiwezi kuitwa pori lisilo na mwenyewe.

Shamba la kukodi. Wengi wenu mnakodi kwa msimu mmoja mmoja, na mnaniuliza kwa nini mtunze mti wa mtu. Jibu la kweli ni kwamba kwa mkataba wa mdomo wa msimu mmoja, hutatunza, hata ukiapa. Basi badilisha mkataba. Mwombe mwenye shamba miaka mitatu au minne kwa maandishi, umwahidi kuponya ukingo wa korongo, naye akupunguzie kodi. Wenye mashamba wengi ni wazee wanaoona ardhi yao inaliwa kila mwaka. Wapo watakaokubali. Hujui mpaka umeuliza.

Kazi za msimu huu

Mei, tembea kipande chako, chagua, funga vitambaa, na kusanya mbegu za majani yaliyokomaa kabla upepo haujazimwaga. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi au gunia, mahali pakavu.

Juni na Julai, ukishavuna, pogolea. Matawi ya miiba usichome. Yalaze kukingama na vijito vidogo vinavyoelekea korongoni, yashike udongo. Kisha lima mkanda wa kuzuia moto kuzunguka kipande, upana wa hatua tano au sita, usafishwe mpaka udongo uonekane. Moto wa Septemba hauulizi nani katunza.

Agosti hadi Oktoba, chimba makinga maji na matuta ya nusu mwezi kwenye sehemu tupu, tumbo likitazama maji yanakotoka. Ardhi ni ngumu, najua. Chimba machache machache. Na Nanenane mkija hapa viwanjani Nzuguni, badala ya kuzunguka kwenye matrekta peke yake, pita na kwenye mabanda ya nyuki na malisho.

Novemba, mwaga zile mbegu za majani ndani ya nusu mwezi, ukwangue udongo kidogo, usubiri mvua.

Mwisho wa ile simu

Yule kijana alinisikiliza, halafu akaniuliza swali moja: "Sasa zile gunia 14 nani atanilipa?"

Sikuwa na jibu la kumfurahisha. Nikamwambia hakuna atakayekulipa. Mwaka huu utakuwa pungufu gunia 14 ambazo hujawahi kuwa nazo. Lakini zile ekari 10 zinazokulisha zimekaa juu ya ule ukingo, na korongo likianza kula halichagui gunia za kuchukua. Nikamsimulia habari za yule mama na zile hatua 11.

Alikaa kimya muda. Mwishoni akasema atakodi tingatinga kwa kazi nyingine, na ekari moja na nusu ataziacha. Nusu ekari ya juu, iliyo tambarare, ataifyeka. Nilimwambia hiyo nusu tunaweza kukubaliana, mradi aache mistari ya miti katikati. Tumepanga nikamtembelee Jumamosi na kisu changu cha kupogolea, aje na vitambaa.

Na wewe, kabla hujawasha kiberiti au hujamlipa mwenye tingatinga, nenda kasimame kwenye hicho kipande asubuhi moja. Inama, fukua chini ya kichaka kimoja, uone unene wa kile kisiki kilichojificha. Halafu hesabu viko vingapi. Ukishahesabu, niandikie unataka kufanya nini.